Matroni na Riwaya Alizokamata

Jumapili, tarehe 23 Novemba. Mvua ilianza kabla ya kengele ya misa ya kwanza, ikanyesha mpaka saa nne, ikakatika bila jua kutoka. Ukungu umekaa juu ya migomba kutwa nzima.

Leo nilikwenda Izimbya kumwona Matroni. Aliniuliza swali moja nikamjibu, na tangu niliposhuka kwenye pikipiki hapa Kanazi sijui kama nilimjibu kwa haki. Aliniuliza kama ni yeye aliyemponza yule binti wa kidato cha tatu. Swali kama hilo si la mtu aliyeishia darasa la saba, lakini aliniuliza mimi, kwa sababu tuliokuwepo ni wachache na wengine hawataki kuliongelea. Basi naandika alivyokuwa, mema na mabaya, nione kama yakikaa kwenye karatasi yatapimika. Nikikosea mahali ni kwa kutojua, si kwa chuki.

Nilikuwa mpishi kwenye hosteli ya wasichana huko Muleba miaka kumi na miwili, na miaka yote hiyo matroni alikuwa yeye. Hakuna aliyemwita jina. Walimu walimwita Matroni, wazazi walimwita Matroni, hata mchungaji wake alipopita kumsalimu aliuliza getini, "Matroni yupo?" Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa uzi wa cherehani upande mmoja, na alitembea kama mtu anayepima kiwanja. Yeye Mlutheri wa kuimba sauti ya pili, mimi Mkatoliki wa kukaa benchi la nyuma. Alikuwa akiniambia, "Nyie mnapiga magoti sana, ndiyo maana maharage yako yanaungua." Nami nilimwambia, "Nyie mnaimba sana, ndiyo maana hamsikii yakiungua." Hatukukasirikiana hata siku moja kwa hilo.

Kwenye sheria za hosteli zilizobandikwa ukutani, sheria ya nne ilikataza vitabu vya mapenzi. Kuvikamata ilikuwa kazi yake. Kila Jumamosi baada ya uji alipita kitanda kwa kitanda. Alivikuta chini ya magodoro, ndani ya ndoo za kufulia, ndani ya majalada ya Baiolojia. Mara moja alikikuta kimoja kwenye gunia la unga jikoni kwangu, nikashukiwa mimi, na sikuweza kujitetea maana kweli nilikuwa nimekiona na nilikuwa nimefika ukurasa wa sita.

Alivikamata, halafu alivisoma. Vyote. Alikuwa na tranka la bati chini ya kitanda chake, limejaa mpaka kifuniko kilifungwa kwa kamba. Vilikuwemo vya Kiswahili vya kurasa chache vyenye picha ya mwanamke analia, vya Kiingereza vilivyoachwa na wazungu wa kujitolea, hadithi za kwenye simu zilizochapishwa stesheneri ya mjini Bukoba na kubanwa kwa waya, na vile ambavyo wasichana walivinakili kwa mkono, sura kwa sura, wakapokezana. Nilimuuliza kwa nini anasoma anachokataza. Akasema, "Siwezi kumwadhibu mtu kwa kitu nisichokijua." Wakati ule nilidhani ni kisingizio. Sasa nadhani alikuwa anamaanisha, ingawa kilikuwa kisingizio pia. Vyote viwili vinawezekana kwa mtu mmoja.

Adhabu yake nayo ilikuwa ya kwake peke yake. Walimu walipeleka wasichana kupalilia. Yeye alimsimamisha binti mlango wa jikoni, mbele yangu, na kumuuliza:

"Umefika wapi?"

"Ukurasa wa tisini, Matroni."

"Wa tisini. Yule daktari ndiyo kwanza amempeleka hoteli ya ziwani?"

"Ndiyo, Matroni."

"Basi nakuambia mwisho."

"Matroni nakuomba, nipe shamba. Nipe hata choo."

"Ana mke Nairobi."

Binti aliziba masikio, lakini alishachelewa. Nimewaona wasichana wakubwa wakilia kwa hilo kuliko walivyolia kwa fimbo. Wengine walianza kusoma vitabu kutoka mwisho, ili hata wakikamatwa asiwe na cha kuwanyang'anya. Alipogundua alicheka kwa siku mbili, halafu akawa anawasimulia katikati.

Hata hivyo mwisho wa mwaka aliwarudishia vitabu vyao, na kwenye ukurasa mtupu wa nyuma kila kimoja kilikuwa na maoni yake kwa penseli. Wasichana walikimbilia maoni kabla ya kuangalia matokeo ya mtihani. Nami niliyasoma, polepole, kwa kidole. Mengine nayakumbuka. "Kurasa mia mbili, hakuna aliyemenya ndizi. Wanakula nini hawa?" "Mwanaume huyu hana kazi. Mwandishi kamnunulia gari akasahau kumtafutia kazi." "Anamshika mkono kwa nguvu mpaka alama, mwandishi anaita mapenzi. Mimi nimeona alama kama hizo kliniki, haziitwi hivyo." Na kwenye kimoja ambacho mpenzi alikufa kwenye ajali sura ya mwisho aliandika neno moja tu: "Mwizi."

Maana alitaka mwisho mzuri. Hapo hakukubali hoja. Alisema maisha yanajua kuharibika yenyewe bila msaada wa mwandishi, na mtu akilipa kwa muda wake kusoma mapenzi apewe mapenzi, na ndoa, na nyumba ya bati. Alikuwa ameachana na mume wake miaka mingi, hakuna aliyejua sababu, na sikuwahi kumsikia akimsema vibaya. Alisema tu, "Alikuwa mwisho wa ukurasa wa tisini." Nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

Vya majini na falme ndivyo alivyovipenda kuliko vyote, ingawa mbele ya mwalimu mkuu aliviita upuuzi. Alisema mwandishi wa ndoto ana kazi ngumu kuliko mwandishi wa Muleba, kwa sababu lazima atunge sheria kisha azitii. "Ukisema jini lako haliwezi kuvuka maji, lisivuke. Usije sura ya ishirini ukalivusha kwa sababu umechoka." Alipenda pia kwamba jini halina mama mkwe. Lakini kulikuwa na aina moja iliyomkera, zile za bwana aliyeishi miaka elfu, mzuri, tajiri, ana jumba mlimani, halafu anakuja kumpenda msichana wa shule. Siku moja alinisomea moja jikoni, akaiweka chini katikati ya sentensi.

"Miaka elfu, Mama Koku. Amewaona malkia, amewaona wajane, amewaona walimu. Hakuna aliyemfaa. Mpaka alipomwona mtoto wa kidato cha tatu. Unaonaje?"

"Sijui, Matroni."

"Hujui au unaogopa?"

"Yote mawili."

"Mimi naona huyo hakuwa anatafuta mke. Alikuwa anatafuta mtu asiyejua kuuliza."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake, mbele yangu, nikiwa nachambua mchele. Nayaandika hapa kwa sababu lazima yawe kwenye mzani. Mtu aliyesema hivyo si mtu asiyejua.

Za vijana wa shule alizisema sana. Wavulana wawili wanamgombea msichana mmoja, kila mmoja analia, wanakutana juu ya paa, na hakuna anayefeli hesabu. "Hawa wanasoma saa ngapi?" aliuliza kila mara. Lakini hizo ndizo zilizomliza. Nilimkuta mara mbili akifuta miwani, na mara zote mbili alisema ni moshi wangu. Jiko langu lilikuwa la kuni, kweli, ila siku moja kati ya hizo halikuwa limewashwa.

Sasa niandike jambo langu, ingawa ni dogo. Alikuwa ananipa vitabu nisome, halafu kesho yake ananiuliza. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza mimi nadhani nini juu ya kitu chochote kilichoandikwa. Mara moja nilijibu. Kilikuwa kitabu chenye bwana mmoja anayemsifia msichana tangu mwanzo mpaka mwisho, macho yako, nywele zako. Nikasema ananikumbusha mlanguzi wa kahawa, yule anayekusifia kahawa yako huku kidole chake kiko kwenye mzani. Matroni alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Akaenda kuwasimulia walimu, akawasimulia wasichana, wiki nzima nikipita wanasema, "Mama Koku, kidole kiko wapi?" Huenda alikuwa ananisifu. Nikiwa mkweli, nadhani alikuwa ananisifu. Lakini mimi nilisikia kicheko tu, na tangu siku ile akiniuliza nilisema kizuri, au cha kusikitisha, nikaishia hapo.

Yule binti sitaandika jina lake. Alikuwa mkimya, mwandiko wake mzuri, anatoka kwa mama mjane anayekausha dagaa. Ada yake alilipiwa na bwana mmoja mfanyabiashara wa samaki kule Rubafu, aliyesemekana ni ndugu wa marehemu baba yake. Huyo bwana aliandikishwa shuleni kama mlezi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya ruhusa, alikuja na gari jeupe kumchukua, na Jumapili jioni alimrudisha. Aliyefungua daftari la ruhusa na kuandika jina la binti ni Matroni, kama sheria ilivyotaka. Mlezi akifika na jina lake limo, binti anatoka. Hilo nalo liwe kwenye mzani, kwamba alifuata sheria.

Katika ukaguzi mmoja alikamata kaunta buku mbili chini ya godoro la yule binti. Hakikuwa kitabu kilichonakiliwa. Alikitunga mwenyewe. Matroni alikuja jikoni amekishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Mama Koku, tumepata mwandishi. Hapa hapa, kitanda cha kumi na nne."

Alikisoma kwa siku mbili, halafu akanipa mimi. Nilikisoma maharage yakichemka, mchana wa siku tatu. Ilikuwa riwaya ya falme. Kando ya ziwa kuna nyumba ya mawe wanakoishi wasichana wanaojifunza kuwasha taa. Chini ya maji anaishi bwana wa ziwa, wa zamani sana, na yeye ndiye anayempa mama wa msichana mmoja samaki wasiokwisha ili msichana aendelee kujifunza. Kila mwezi mwandamo maji yanarudi nyuma, na bwana anatokea na mtumbwi mweupe usio na kasia kuja kumchukua msichana. Langoni kuna mlinzi, mwanamke mwema anayejua kusoma mawe yote ya dunia. Mlinzi anaandika jina la msichana kwenye jiwe, anafungua lango, anamtakia safari njema. Na kila siku ya mtumbwi, asubuhi yake, msichana anamimina maziwa yake chini, kwa sababu tumbo lake limekataa. Hivyo hivyo sura baada ya sura. Hakuna busu, hakuna neno la mapenzi. Anaondoka, anarudi, anawasha taa.

Mimi nilikuwa mpishi. Sikujua riwaya, nilijua vikombe. Wasichana themanini, nilijua nani anapenda uji mzito na nani anaficha sukari. Yule binti alimaliza uji wake kila siku, akakwangua kikombe, isipokuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo alikirudisha kimejaa. Niliposoma mahali pa maziwa niliacha kusoma. Nakumbuka maharage yalikauka.

Nilikirudisha kwa Matroni. Aliniuliza nimekionaje. Nilikuwa na habari ya hicho kikombe mdomoni, naapa. Nikasema, "Kinasikitisha, Matroni."

"Vizuri. Riwaya isikitishe kidogo."

"Kinasikitisha sana."

"Ndiyo shida yake," akasema. "Kinasikitisha halafu hakiendi popote."

Nikafikiri, huyu amesoma tranka zima, mimi nimesoma vitabu ishirini kwa kidole. Kama yeye anaona ni riwaya, basi ni riwaya, na mimi ndiye nisiyejua tofauti. Nikarudi kumenya ndizi.

Hakusubiri mwisho wa mwaka. Alimrudishia binti kaunta buku zake siku ile ile, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, na hakumpa adhabu. Nilikuwepo. Maoni yalikuwa ukurasa mzima kwa penseli, na aliyasoma kwa sauti, kwa furaha, kama anayetoa zawadi. Alisema una kipaji, mwanangu. Alisema bwana wa ziwa hana sura wala sauti, mpe maneno, msomaji ataka kujua kwa nini anapendwa. Alisema, "Na huyu msichana, mbona hasemi kama anampenda? Kama hampendi, kwa nini anaingia mtumbwini kila mara? Msomaji anachoka kusubiri. Rekebisha hapo." Halafu akatabasamu akasema, "Ila mlinzi wa lango umemwandika vizuri. Anapendeza. Mwongeze."

Binti alisema, "Asante, Matroni." Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofundishwa. Alimwangalia, halafu akaniangalia mimi. Sijui kama aliniangalia kwa sababu yoyote. Labda nilikuwa nimesimama tu mahali pa kuangaliwa.

Jumamosi ya ruhusa iliyofuata gari jeupe lilikuja. Matroni aliandika jina. Likizo ndefu ikaanza, na shule ilipofunguliwa kitanda cha kumi na nne kilikuwa kitupu. Mama yake alikuja kuchukua godoro. Alisema kwa sauti ya chini kwamba binti ana mimba na yuko Rubafu, kwa yule bwana, na kwamba mambo yameshaongelewa kifamilia.

Matroni alikaa kwenye kile kitanda kitupu mpaka chakula cha mchana kikapita. Alipotoka hakuwa na haja ya kuambiwa chochote. Alisema, "Mtumbwi," akasema, "Mlinzi." Kwa haki, hakunyamaza. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaenda ofisi moja na nyingine, akapanda magari kwenda na kurudi mpaka viatu vyake vikaachia soli. Aliulizwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa hadithi ya jini la ziwani, na hata hiyo alishairudisha kwa mwenyewe. Binti naye alipoulizwa alisema huyu ni mume wake na umri wake unatosha. Mama alisema hivyo hivyo. Jambo likaishia hapo, kama maji kwenye mchanga. Mwaka uliofuata Matroni aliomba kustaafu kabla ya muda wake, na mimi nikaondoka muda mfupi baadaye kwa ajili ya mgongo.

Hiyo ni miaka sita sasa. Nimekuwa nikienda Izimbya mara moja moja, na hatukuwahi kuligusa. Leo nilimkuta kibarazani, amekonda zaidi. Nilimsalimu, akaniitikia, "Kaboneka, Mama Koku," akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kama ilivyo desturi. Tranka lilikuwa hapo kibarazani, wazi, limejaa mahindi ya mbegu.

"Vitabu viko wapi?" nikauliza.

"Nimempa yule mama wa karanga pale njia panda. Anafungia karanga."

"Vyote?"

"Vyote. Siwezi tena. Nikifungua, mwanaume anamshika msichana mkono, mimi nauliza, huyu ni nani kweli? Anaishi wapi? Nani mwingine ameisoma hii akanyamaza? Zamani nilikuwa nasoma barua kama riwaya. Sasa kila riwaya naisoma kama barua, na sina anwani ya kujibu."

Tukatafuna. Halafu akaniambia kwamba mwezi uliopita alikwenda Rubafu. Alimkuta yule binti anaanika dagaa, ana watoto wawili, wa tatu yuko njiani. Alimkaribisha vizuri, akamtandikia mkeka, akamwita Matroni. Matroni alimwambia, nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya zile kaunta buku.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alikaa anafikiri ni zipi. Halafu akacheka kidogo. Akasema, 'Ile hadithi? Haikuwa nzuri, Matroni. Ulisema kweli, ilikuwa haiendi popote.'"

"Alisema kwa hasira?"

"Hapana. Kwa adabu. Akasema aliwashia moto." Alivua miwani, akaivaa. "Ningependa angenitukana, waitu, mwenzangu. Nimesafiri siku nzima nikatukanwe, nikapewa mkeka."

Ndipo aliponiuliza. Alisema, "Wewe ulikuwepo. Huna haja ya kunifurahisha. Ni mimi niliyemponza?"

Nilifikiria kusema hapana, maana mwenye hatia anajulikana na ana gari. Ingekuwa kweli, lakini si swali aliloniuliza. Nilifikiria kusema ndiyo, na hiyo ningeisema kwa kujificha nyuma yake. Mwisho nikamwambia kile ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia habari ya kikombe. Kwamba niliposoma maziwa yanamwagwa nilijua, kabisa, kama ninavyojua chungu kimeungua kwa harufu. Kwamba nilijua kabla yake, siku tatu nzima kabla hajasoma yale maoni, na nilikaa kimya.

Hakuniangalia. Aliangalia mahindi.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani wewe ndiye unayejua kusoma."

 Jogoo wa jirani alipita, akaingia, akatoka. Halafu akasema, bila ukali, "Ungesema, ningekucheka."

"Najua."

"Ningekucheka, nikawasimulia walimu." Akanisogezea kisahani cha kahawa. "Halafu jioni ningeisoma upya. Hilo nawe ulijue."

Nikasema nalijua. Sikuwa nalijua. Ndiyo kwanza nililisikia, na nilipolisikia nilijua ni kweli, maana ndivyo alivyokuwa. Alicheka kwanza, akasoma upya baadaye. Miaka kumi na miwili niliona nusu ya kwanza tu.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kwenye ukungu. Hakusema karibu tena, wala mimi sikusema nitakuja. Sijui kama ni kwa kusahau. Nilitaka kuyapima haya yote na sasa yamejaa kurasa nne na mzani haujasimama. Nikimwekea yeye lake linashuka, nikijiwekea langu linashuka pia, na yule binti yuko Rubafu, hapandi kwa upande wowote.

Jioni tumekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, na senene kidogo walioletwa na mke wa shemeji yangu. Nilipika mimi. Tangu kipande cha kwanza niliona chumvi imezidi, lakini Koku na baba yake walikula mpaka mwisho bila kusema kitu, nikadhani labda ni ulimi wangu.